Namba ya Mbele

JUMAMOSI, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya bucha, mjini Kericho. Kilinuka mafuta ya ng'ombe na sigara. Kiptanui alipiga komeo, akachukua chaki, akachora juu ya meza.

"Hapa ni kilabu ya gofu. Hapa geti. Hapa banda ya kununulia majani ya chai, Kapsomi. Kilomita sita za murram. Halafu lami. Litein, Kapkatet, Kaplong, Kisii, Migori. Jioni kuna mtu ananingoja Isebania, mpakani."

Watatu walimsikiliza. Weldon, aliyewahi kuendesha malori ya kiwanda cha chai, alikuwa akitikisa goti bila kukoma. Chepkemboi, mhudumu wa kilabu, alikuwa ameshavaa sare ya kazi na alitazama saa kila mara. Wa tatu alikuwa Ombati, fundi wa magari, Mkisii aliyeishi Kericho tangu ujana. Yeye alitazama chaki tu. Mwaka uliopita alimbadilishia Kiptanui namba za pikapu moja. Mara moja tu. Tangu siku hiyo Kiptanui alikuwa akipita nyumbani kwake na kumsalimia mke wake kwa jina.

Gari walilolitaka lilikuwa la michezo, jekundu, la viti viwili. Mwenye gari alikuwa wakili wa Nairobi aliyekuja kwa mashindano. Kiptanui alikuwa na kitabu cha usajili na namba za gari jingine la aina hiyo lililopondeka Mombasa. Gari la wakili likivaa namba hizo, lingefika mpakani kama gari la mtu yeyote.

"Nyuma ni skrubu mbili," Kiptanui alisema. "Kazi iko mbele. Fundi, waambie."

Ombati alikuwa amelishika gari lile mwezi wa sita, gereji. "Huyo bwana aliwahi kuibiwa namba ya mbele. Kwa hivyo akatengenezewa fremu ya chuma. Imeshikwa na bolti nne na vichwa vyake vimekatwa. Spana haiwezi kushika. Lazima niingie chini, nifungue plastiki ya bampa, nishike nati kwa nyuma. Halafu nifunge fremu nyingine, kwa sababu namba yetu haitoshei kwa hiyo yake."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Nakupa kumi na mbili."

"Bolti haijui umenipa ngapi."

Weldon alicheka. Kiptanui hakucheka. Aliifuta ramani kwa kiganja.

"Weldon analeta gari. Chepkemboi anakuja na yeye. Fundi akimaliza, mimi naenda. Pikapu ya Londiani inachukua nyinyi watatu hapo bandani. Hakuna kuuliza kitu tena."

SAA NANE NA DAKIKA TANO MCHANA

Banda la Kapsomi lilikuwa tupu. Wakulima walikuwa wamepima majani asubuhi wakaenda. Paa la mabati, nguzo sita, meza ya karani, na pande zote chai iliyopanda vilima hadi macho yachoke. Mawingu meusi yalikuwa yakijikusanya upande wa Kabianga.

Ombati alipanga vifaa vyake juu ya gunia. Spana ya kumi, spana ya kumi na mbili, koleo, msumeno wa chuma, patasi, nyundo. Akavipanga upya. Mikono ilikataa kukaa bure.

Kiptanui alikuwa akitembea. Nguzo hadi nguzo, nguzo hadi nguzo. Chini ya sweta lake bastola ilifanya uvimbe.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo."

"Mama Nyanchama amepona ile homa?"

Ombati hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za homa ya mke wake. Alichukua kitambaa akapangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

SAA NANE NA DAKIKA THELATHINI

Gari lilikuja likinguruma chini, tumbo likikwaruza murram. Weldon alikuwa amevaa ovaroli ya gereji. Kwenye geti la kilabu alikuwa amemwambia mlinzi kwamba anapeleka gari la wakili kuzibwa pancha, na mlinzi akamfungulia. Chepkemboi alishuka upande wa pili, ameshika koti la mvua lililofunika sare. Ufunguo ulikuwa umetoka kwenye suruali ya wakili, chumba cha kubadilishia nguo. Wakili mwenyewe alikuwa amevaa kaptura na yuko mbali, shimo la tano.

"Anza," Kiptanui alisema.

Ombati alipiga jeki, akalala chali, akaingia chini. Plastiki ilikuwa na klipu saba. Alizing'oa, mbili zikavunjika. Nati ya kwanza ilizunguka kwa urahisi. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na kutu. Aliishika kwa koleo, akakaza meno, akasukuma. Kutu ikamwangukia jichoni.

"Dakika tano," Kiptanui alisema. Viatu vyake vilipita karibu na kichwa cha fundi, vikaenda, vikarudi. Kisha vikaenda nyuma ya gari, kwa Weldon aliyekuwa akifungua namba ya nyuma.

Chepkemboi alichuchumaa kumpa msumeno. Uso wake ulikuwa karibu na bampa.

"Baba Nyanchama," alinong'ona. "Huyo mwenye pikapu ya Londiani ni askari?"

"Kwa nini?"

"Weldon alisimama kwa duka ya njia panda. Kuna simu hapo. Nilimsikia kupitia dirisha. Alisema Kapsomi. Halafu akasema, 'Ndiyo, afande.'"

Ombati aliacha kukata.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kabla tu tufike. Dakika kumi, labda."

Alibaki chini ya gari, jicho likimwasha, msumeno kifuani. Kutoka kituoni hadi Kapsomi ni nusu saa, barabara ikiwa kavu. Gari lilikuwa na viti viwili. Mtu atakayekutwa bandani, namba za wakili mkononi, atakuwa fundi. Aliona jambo hilo lote mara moja, kama mtu anayefungua boneti na kuona mpira uliokatika.

Akamaliza kukata bolti ya tatu. Ya nne ilitoka yenyewe. Fremu ya chuma ikaanguka na namba yake nyeupe. Ombati akajivuta nje, akasimama, akaishika kifuani.

SAA NANE NA DAKIKA ARUBAINI NA MBILI

"Funga hiyo ingine," Kiptanui alisema.

"Kwanza Weldon aniambie afande anafika saa ngapi."

Weldon alikuwa na bisibisi mkononi. Goti lake lilikuwa limetulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ombati alimtazama Kiptanui, akitegemea kuona mshangao. Hakuuona. Aliona hasira ya mtu aliyeharibiwa hesabu.

"Nilikuambia upige nikishapita Kapkatet," Kiptanui alimwambia Weldon polepole. "Si sasa. Nikishapita Kapkatet."

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Polisi waitwe Kapsomi, wamkute fundi na msichana, na wakati huo barabara ya Kaplong iwe nyeupe. Chepkemboi aliweka mkono mdomoni. Miezi minane alikuwa akimpikia Kiptanui.

"Na mimi uliniambia kuna kiti?" Chepkemboi aliuliza. "Isebania, mimi na wewe?"

Macho ya Kiptanui hayakumwacha Weldon.

"Walinishika Londiani mwezi uliopita," Weldon alisema. Sauti ilikuwa ikitoka kavu. "Na ile redio ya gari ya wizi. Walinipa wiki tatu. Walisema wanataka wewe, si mimi. Ningefanya nini, Kip? Ungefanya nini?"

Kiptanui alitoa bastola. Weldon aligeuka kukimbia na mlio ukapiga mabati ukarudi. Alianguka juu ya namba mpya ya mbele iliyokuwa imeegemezwa gurudumu la nyuma, akashika paja kwa mikono miwili. Damu ilikuja haraka, nyekundu kuliko gari.

"Fundi. Funga."

"Fremu inataka mashimo mapya. Dakika nne."

"Funga."

"Dakika nne, Kiptanui. Hata ukinipiga ni nne. Ukinipiga ni zaidi."

Kiptanui alitega sikio. Upepo ulipita juu ya chai. Mbali sana, au labda kichwani tu, injini ya dizeli ilikuwa ikipanda mlima. Ombati aliweka fremu chini, kisha spana, juu ya gunia, pamoja na zile nyingine. Hakupanga kufanya hivyo. Mkono ulichoka kumtii mtu yule.

Kiptanui aliinama, akaivuta namba nyeupe kutoka chini ya mguu wa Weldon, akaitupa juu ya dashibodi nyuma ya kioo. Namba ya nyuma, ya manjano, ilikuwa imeshafungwa. Alipiga teke jeki, gari likadunda chini, plastiki ikaning'inia. Akaondoka. Mvua ilikuwa imeanza, na tope lake la kwanza likaruka hadi kwenye nguzo.

SAA NANE NA DAKIKA HAMSINI

Mvua ya mawe iliangukia mabati kwa kishindo. Iliwabidi wapaze sauti.

"Pita kwa chai," Ombati alimwambia Chepkemboi. "Shuka hadi mtoni, tokea nyuma ya kilabu. Vaa koti. Ukifika chukua sinia kama kawaida."

"Na wewe?"

Weldon alikuwa amelala ubavu, midomo imekuwa ya kijivu. "Fundi," alisema. "Fundi, usiniache."

Ombati aliitazama chai. Mita ishirini, na hakuna askari ambaye angemwona ndani yake. Nyumbani kulikuwa na mke na watoto wawili. Alisimama hivyo muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha akavua mkanda wake, akapiga magoti, akaufunga juu ya jeraha, akavuta hadi Weldon akalia.

Chepkemboi aliingia kwenye chai. Baada ya hatua kumi mvua ilikuwa imemfuta.

Polisi walipofika walimkuta fundi amekalia tope, ameshika paja la mtu kwa mikono miwili, na namba za wakili kando yake.

SAA TISA NA NUSU

Kwenye kizuizi kabla ya Kaplong, konstebo wa trafiki hakuwa amesikia habari ya gari lolote kuibiwa. Redio ya kituo ilikuwa ikikwaruza tu kwa sababu ya radi. Aliona gari jekundu lisilo na namba mbele, bampa limefunguka kama mdomo, akainua mkono. Alitaka kuandika kosa dogo.

"Namba iko kwa dashibodi, afande," Kiptanui alisema akitabasamu. "Ilitoka kwa matope."

Konstebo aliinama kuisoma. Kwenye rangi nyeupe kulikuwa na alama ya vidole vitatu vya damu, bado mbichi. Alisogea hatua moja nyuma akakoki bunduki. Mwenzake alikuwa tayari ameshavuta ubao wa misumari barabarani.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Inspekta alikuwa mtu wa sauti ya chini. Ovaroli ya Ombati ilikuwa imekauka kwa damu na tope, ikawa ngumu.

"Weldon atapona. Yuko hospitali, bado hasemi kitu. Kiptanui naye hataki kufungua mdomo. Imebaki wewe. Nani alitoa ufunguo kwa chumba cha nguo?"

"Weldon."

"Weldon hakuingia ndani. Mlinzi anasema hivyo. Na anasema kulikuwa na mwanamke kwa gari, uso hakuuona."

"Hakukuwa na mwanamke."

Inspekta aliandika. "Sawa. Basi ni yule tumeleta."

Mlango ulifunguliwa. Askari alimwingiza mama mmoja mnene, wa makamo, aliyefunga kitambaa kichwani. Alikuwa Rebeccah, mtunzaji wa chumba cha kubadilishia nguo. Funguo za kabati zilikuwa bado zimening'inia kiunoni mwake. Hakuwa akilia. Alikuwa akieleza, kwa yeyote aliyemtazama, kwamba alitoka dakika mbili tu kwenda kuchota maji, kwamba ana miaka kumi na tisa pale, kwamba ng'ombe wake hawajakamuliwa.

"Unamjua huyu?" Inspekta aliuliza.

"Simjui."

"Hakuna mwanamke, na ufunguo haukutembea peke yake. Huyu analala ndani mpaka Jumatatu."

Ombati alifungua mdomo. Jina la Chepkemboi lilikuwa pale, nyuma ya meno. Alimtazama Rebeccah, akatazama sakafu, akatazama tena mikono ya Rebeccah. Alikuwa mama wa rika la dada yake mkubwa. Alifunga mdomo. Akaufungua tena.

Kwenye meza ya mapokezi mtu alikuwa akibishana na askari. Sauti ya mwanamke, ya chini, isiyotaka kuondoka. Kisha hatua, na Chepkemboi akasimama mlangoni. Sare ilikuwa imelowa hadi kiunoni na majani ya chai yalikuwa yameshika pindo. Hata sinia hakuwa amelishika.

"Mwachilie Mama Rebeccah," alisema. "Ufunguo nilichukua mimi."

Inspekta alimgeukia Ombati. "Ulisema hakuna mwanamke."

Ombati alisogea kwenye benchi, na Chepkemboi akaja akakaa pale alipompisha.