Déborah Hana Siku ya Bure

Kila Jumapili baada ya ibada, watu walimpangia Déborah wiki yake.

"Mama Déborah, Jumanne nina randevu ya daktari wa macho."

"Nenda na Déborah," mama yake, Chibalonza, alijibu. "Jumanne hana darasa."

Mwingine alikuwa na barua ya nyumba. Mwingine mtoto wake aliitwa shuleni. Chibalonza hakumnyima mtu. Yeye na mumewe Venant walipofika Sydney kutoka Bukavu, watu waliwashika mkono. Sasa ilikuwa zamu yao. Binti yao alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisomea uuguzi, na Kiingereza kilimtoka kama maji. Tena chuo kilimwita siku tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki, mama yake aliziona za bure.

Alimtuma kwa meseji. Déborah alijibu neno moja: "Sawa." Kwao mtoto hamkatalii mtu mzima.

Mara moja tu alijaribu kusema.

"Mama, chuoni kuna kituo cha utamaduni. Wanasaidia wanafunzi kama sisi."

"Kama sisi vipi?"

"Waafrika, watu wa visiwa vya Pasifiki, watu wa Amerika ya Kusini. Wale ambao wazazi wao hawakusoma chuo hapa."

"Umeenda kusoma au kucheza ngoma? Ngoma utacheza kwenye harusi."

Habari ikaishia hapo.

Jumatano moja Chibalonza alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alikuwa jikoni anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, simu ilipolia. Alikuwa Gloriose, mjane Mrundi, jirani yao hapo Macquarie Fields.

"Mama Déborah, Mungu akubariki kwa huyu mtoto. Tena heri ameacha chuo. Angekuwa anasoma, nani angenisindikiza?"

Mwiko ukabaki hewani.

"Ameacha nini?"

"Chuo. Aliniambia jana, tukimsubiri daktari. Kwani wewe hujui?"

Chibalonza alikata simu bila kuaga. Akaingia chumbani kwa binti yake.

"Umeacha chuo?"

Déborah alianza kujibu kwa Kiingereza.

"Sema Kiswahili. Nataka kila neno liniingie."

"Wamenifukuza, mama. Nimefeli masomo matatu kati ya manne. Barua ilikuja wiki tatu zilizopita. Nilisoma mistari miwili, nikaifunga."

"Na siku za darasa unapanda treni kwenda wapi?"

"Maktaba ya Campbelltown. Nakaa tu."

Chibalonza aliketi kitandani. Venant aliporudi kutoka bohari la Wetherill Park, alikuta sombe imeungua. Alipoambiwa, alisimama mlangoni kama mtu aliyepigwa kofi.

"Wewe ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Ningejua, ungenikuta hivi?"

Asubuhi Chibalonza aliomba ruhusa kazini, akafuatana na binti yake hadi chuoni.

"Nipeleke kwa mkubwa wao. Nitapiga magoti."

"Mama, hapa hakuna mtu wa kupigiwa magoti."

Déborah aliujua mlango mmoja tu ambao angethubutu kuubisha. Ulikuwa wa kile kituo. Chibalonza alitafuta ngoma kwa macho, hakuiona. Aliona meza, birika la chai, na vijana wameinamia vitabu. Mfanyakazi mmoja alisimama kuwapokea. Alikuwa Mkenya, aliitwa Mutanu.

"Karibu, mama. Keti. Utakunywa chai?"

"Sikuja kunywa chai. Mtoto wangu amefukuzwa."

"Nani amesema?"

"Barua."

"Hebu tuisome yote."

Mutanu aliifungua kwenye kompyuta. Aliisoma polepole, akiigeuza kwa Kiswahili. Barua haikumfukuza Déborah. Ilimtaka ajieleze: ni nini kilimzuia kusoma, na atabadilisha nini. Akijieleza vizuri, na kwa ushahidi, anaweza kuruhusiwa kuendelea.

"Mwisho wa kujibu ni lini?" Chibalonza aliuliza.

"Kesho, saa kumi na moja jioni. Asipojibu, hapo ndipo anaondolewa."

Chibalonza alihesabu saa zilizobaki. Kesho. Kama Gloriose asingepiga simu, wangekuwa wamekwisha.

"Sasa Déborah, ni nini kilikuzuia?" Mutanu aliuliza.

Déborah alimtazama mama yake kwanza. "Nilikuwa natafsiri."

"Ukimtafsiria nani?"

"Kila mtu."

Kwenye meza ya pili, msichana mmoja aliinua kichwa, akasema kitu kwa Kiingereza. Mutanu akatabasamu kidogo. "Huyu ni Yesenia. Wazazi wake wametoka El Salvador. Anasema yeye alianza akiwa darasa la tatu. Mama, nusu ya wanaoingia mlango huu ni wakalimani wa familia. Tunahitaji ushahidi. Upo?"

Déborah alitoa simu yake, akaiweka mezani. Zilikuwa meseji za mama yake. Mutanu alihesabu. Katika muhula mmoja, zilikuwa thelathini na moja. Tisa ziliangukia siku ya maabara.

"Siku ya darasa sikumtuma," Chibalonza alisema.

"Ulisema ni dharura, mama."

Chibalonza aliichukua simu asome mwenyewe. *Wahi, mama Gloriose anasubiri. Mwambie mwalimu unaumwa.* Aliyasoma maneno yale mara mbili. Yalikuwa yake.

"Lakini zile siku nyingine alikuwa nyumbani," alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Siku za nyumbani ndizo za kusoma. Akifundishwa saa moja, anahitaji karibu saa mbili za kusoma peke yake. Mwanafunzi hana siku ya bure."

"Na wagonjwa waende na nani?"

"Hospitali za hapa zina wakalimani. Mgonjwa halipi. Unapopanga randevu, taja lugha yako, useme unataka mkalimani. Atakuja, au ataongea kwa simu. Amefunzwa maneno ya daktari, na anatunza siri. Déborah hajafunzwa."

Mutanu akasukuma karatasi mbele. "Imebaki barua moja. Ya yule aliyekuwa akimtuma."

"Niandike kwamba mimi ndiye niliyemfelisha?"

"Andika kilichotokea."

Chibalonza aliivuta karatasi. Kisha akachukua kalamu. Aliandika kwa Kiswahili, ukurasa mzima, akatia sahihi. Déborah akanyoosha mkono aitafsiri.

"Wewe acha," Mutanu alisema. "Hiyo ni kazi yangu."

Majibu yalitumwa jioni ileile. Baada ya wiki mbili chuo kikajibu. Déborah ataendelea, kwa masomo mawili kwanza. Kila Jumatano atasoma na kundi la kituo. Venant aliisoma barua hiyo mpaka mstari wa mwisho, kisha akarudia.

Jumapili Gloriose alikuja kama kawaida.

"Jumanne nina daktari wa macho."

"Déborah anasoma."

"Hata saa moja?"

"Hata nusu."

"Haya. Mtoto akisoma sana anasahau watu."

"Basi mimi ambaye sikusoma nitakusaidia. Lete simu kesho."

Jumatatu walipiga simu hospitali pamoja. Chibalonza alimfundisha maneno matatu ya kuomba mkalimani: *Swahili interpreter, please.* Gloriose aliyasema mara nne kabla ya kueleweka, akamlaumu Chibalonza kwa kila mara.

Jumanne jioni Gloriose alipiga tena. Safari hii hakulaumu.

"Mama Déborah, leo mkalimani amenieleza ugonjwa wangu. Ni presha ya macho. Haiumi, lakini inapofusha. Dawa ya matone ni ya kila siku, maisha yote. Mimi nimekuwa nikiiweka siku macho yakiniwasha tu."

Chibalonza alishika ukingo wa meza. "Déborah alikuambia nini?"

"Kwamba macho yamechoka. Usimgombeze. Alikuwa mtoto mbele ya daktari."

"Simgombezi. Mimi ndiye niliyemtuma." Alipumua. "Umeshaweka ya leo?"

"Bado."

"Weka sasa. Nasubiri hapa kwenye simu."