Silinda ya Tano

Mashine ya kupimia magari ilisema silinda ya tano haichomi mafuta. Injini yenyewe ilikuwa na silinda nne.

Mdogo mtu alicheka, akaifuta ile namba ya hitilafu, akapima tena. Taa ya injini ikazima, kisha ikawaka, na namba ikarudi ileile. Gari la pili likasema hivyohivyo, na la tatu. Kufika adhuhuri wateja walikuwa wamehamia upande wa pili wa gereji, kwa kaka yake, fundi waliyemwita Sikio kwa sababu alipima magari kwa kugusisha bisibisi kwenye injini na kuuweka mpini wake sikioni.

Sikio alifurahi, tusifichane. Tangu mdogo wake alete mashine ile, watu walikuwa wakimpita kama duka lililofungwa, na ni yeye aliyemfundisha mtoto huyo kushika spana. Kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jana yake, saa sita mchana, gereji ikiwa tupu, aliinamia injini kuukuu akasema kwa uchungu kwamba yeyote awezaye kuiumbua mashine ile aje, sikio lake anamwachia. Injini iliyozimwa ikapumua mara moja, na harufu ya udi ikapanda kutoka kwenye grisi.

Sasa kila alipoweka bisibisi alisikia pigo la tano nyuma ya yale manne, laini, na sauti ya kike ikimtajia ugonjwa wa gari. Haikukosea hata mara moja.

Shida ilianzia nyumbani. Mkewe alinusa udi begani mwake, akauliza kwa upole wenye makali ni lini gereji imeajiri fundi wa kike. Kesho yake midomo ya mkewe ilicheza na Sikio hakusikia kitu. Redio aliisikia, jogoo wa jirani alimsikia, hata manung'uniko ya wateja. Mkewe tu ndiye kimya. Siku ya tatu binti yake wa miaka sita alimkimbilia mlangoni, akamrukia, akamnong'oneza neno shingoni, naye akahisi pumzi tu, yenye joto, isiyo na sauti, na ndani kabisa ya sikio yule wa kike akacheka taratibu, akamwambia, "Uliniachia mimi. Sigawani na mtu."

Mdogo mtu, ambaye sauti yake Sikio aliisikia vizuri kabisa, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa bibi mganga. Bibi aliuliza swali moja.

"Ulimwita, au alikuja mwenyewe?"

Sikio alimtazama mdogo wake aliyekesha kwa ajili yake. Aibu ikamshinda kusema kweli.

"Alikuja mwenyewe."

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema bibi, akangoja. Sikio akainamisha kichwa.

Bibi akafukiza, akasoma, akampulizia sikioni mpaka harufu ya udi ikakatika. Jioni ile Sikio alimsikia binti yake akihesabu vidole kwa sauti, akalia mbele ya watu. Akamkumbatia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu mashine ile iingie gereji, alimpenda bila kinyongo.

"Lakini kaka, kama kuna kitu hukusema, kiseme," mdogo mtu alimwambia. "Mimi nikifuta namba bila kutengeneza kilichoharibika, taa inazima. Halafu inarudi."

Sikio alisema hakuna kitu.

Asubuhi waliinamia gari moja pamoja. Mdogo mtu akachomeka mashine, akaisoma: namba ya silinda ya tano imerudi. Akageuka kumwambia kaka yake neno, na midomo yake ikacheza bila sauti. Sikio akaweka bisibisi, akahesabu mapigo, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye la tano sauti ya mdogo wake ikamwita kutoka ndani ya injini, "Kaka."