Mwizi Aliyeacha Mto wa Kiti

Gari halikuwepo. Mto wa kiti ulikuwepo.

Inspekta alisimama barazani akiutazama. Ulikuwa mto mnene wa kahawia, umebonyea katikati kwa kukaliwa miaka mingi. Kando yake palikuwa na chupa ya chai, miwani ya jua ndani ya kasha lake, mwavuli uliofungwa vizuri, na kopo la peremende za kikohozi. Vyote vilikuwa vimepangwa juu ya benchi, kikubwa kikifuatwa na kidogo.

"Hivi vilikuwa wapi, mama?"

"Ndani ya gari. Vyote."

"Na gari liko wapi?"

"Mwanangu, ningejua ningekuita?"

Koplo aligeukia ukutani akajifanya anakohoa.

Mwenye gari alikuwa na miaka sabini na sita. Mtaa mzima ulimwita Bibi King'ora, kwa sababu alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na kwa sababu akikasirika husikika mpaka mtaa wa pili. Siku hiyo ya Jumatano alikuwa amekasirika.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Kwa miguu."

"Kwa miguu, na gari unalo?"

"Wanakutia dawa, mboni zinapanuka, ukitoka nje dunia yote inang'aa. Dereva gani anashika usukani namna hiyo?"

Inspekta aliandika. Bibi alikuwa amerudi saa tano, akakuta geti limefungwa kwa waya wake kama alivyoliacha. Hapakuwa na kioo kilichovunjwa chini, wala alama ya gari kuburutwa. Matairi yalikuwa yametoka taratibu, kwa nguvu ya injini, yakakata kona bila kugusa chungu hata kimoja cha maua.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Koplo.

"Adabu gani?" Bibi alifoka. "Amenimaliza!"

Alifungua mkoba akatoa barua tatu. Kampuni iliyomkatia bima ya gari miaka yote ilikuwa imeacha kuchukua madereva waliopita miaka sabini na mitano. Bima yake ilikuwa inakwisha Ijumaa. Alikuwa amezunguka mji mzima kutafuta nyingine. Kampuni ya kwanza ilimwambia umri wake haumo kwenye kompyuta. Ya pili ilimpa kiti, ikampa maji, ikamwambia hapana. Ya tatu ilimshauri atafute mtu wa kumwendesha.

"Mimi! Wa kuniendesha!"

"Na hii ya nne?" Inspekta alikuwa ameona karatasi iliyokunjwa peke yake.

Sauti ya Bibi ilishuka. "Hii imekubali. Wanataka hati ya daktari wa macho, nimeipata leo. Wanataka wakague gari, na mkaguzi wao akae kando yangu niendeshe nusu saa. Ijumaa saa nne asubuhi, kwa gari langu mwenyewe. Lakini bima ya zamani ikishakwisha, nahesabiwa mteja mpya, na mteja mpya wa umri wangu hawamchukui. Ijumaa jioni ikinikuta sina gari, basi. Udereva wangu umekwisha."

Aliichukua miwani ya jua akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Na Fundi, je? Kesho ni siku yake."

Fundi alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa magari. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Bibi alimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Inspekta alimkuta kizingitini akipanga skrubu za zamani kwenye makopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Asubuhi ulisikia injini?"

"Injini ile haisikiki. Nimeitengeneza mwenyewe." Fahari ilipita usoni mwake, ikazimika.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Ugonjwa huu unachosha."

"Kesho utafikaje hospitali?"

"Nitafika tu, mwanangu." Hakuinua macho kutoka kwenye makopo.

Inspekta alimwonea huruma. Kama kuna mtu aliyepata hasara katika wizi ule kuliko Bibi mwenyewe, alikuwa yule mzee. Alikata jina lake katika orodha ya washukiwa kabla hata hajafika barabarani. Hilo lilikuwa kosa, na baadaye alilikiri bila kuona haya.

Orodha ilibaki na jina moja. Binti ya Bibi alikuwa mwalimu, na alikuwa na ufunguo wa akiba. Walizungumza nje ya darasa, mikono yake ikiwa na vumbi la chaki.

"Ni kweli unataka mama yako aache kuendesha?"

"Ni kweli. Nimejenga chumba kwa ajili yake. Wajukuu wanamwulizia kila siku. Nikimpigia simu, ana sababu mpya."

"Wewe ndiye uliyechukua gari?"

"Afande, ningelichukua mimi nisingelificha. Ningeliuza mchana kweupe nimletee stakabadhi."

Mwalimu mkuu alithibitisha kwamba hakutoka darasani tangu saa moja na nusu. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye msumari wake, umeshika vumbi. Macho ya binti yalikuwa mekundu.

"Utampata, sivyo?" aliuliza. "Silipendi lile gari lake kuukuu. Lakini leo amenipigia simu analia. Mama yangu halii."

Alhamisi asubuhi ilikuja ripoti ya alama za vidole. Kwenye chupa ya chai kulikuwa na alama za watu wawili tu: Bibi na Fundi.

"Kila safari wanakunywa chai pamoja," alisema Koplo. "Ripoti imetuambia tunachokijua."

Zilikuwa zimebaki saa ishirini na nne, na gari la polisi nalo likakataa kuingiza gia. Walilisukuma hadi gereji ya jirani, Inspekta akipumua kama mtu aliyepanda mlima. Fundi wa pale, mwanamke mwenye ovaroli iliyolowa oili, hakufungua hata boneti. Kwanza alifungua milango. Akatoa koti la Inspekta, daftari, chupa ya maji, na mfuko wa karanga ambao Koplo alidhani hakuna anayeujua. Akavipanga juu ya meza.

"Vitu vyenu hivi, afande. Hesabuni."

"Kwa nini umevitoa?"

"Gari likiingia kwangu halibaki na mali ya mteja. Kikipotea kitu, lawama ni yangu."

Inspekta aliitazama meza. Koti, daftari, chupa, karanga. Kikubwa kikifuatwa na kidogo.

"Mafundi wote hufanya hivyo?"

"Waliofunzwa vizuri. Mkono unafanya wenyewe, hata ukiwa na haraka."

"Koplo," alisema Inspekta, "tumekuwa wajinga. Tafuta usafiri."

Kwenye maegesho ya hospitali kulikuwa na teksi moja, dereva wake akisinzia.

"Wewe ndiye uliyemleta Fundi?"

"Ndiyo, nami ndiye ninayemrudisha."

"Alikuita lini?"

Dereva alifikiri. "Jumatatu. Alisema, Alhamisi saa moja usinikose."

Gari lilikuwa limeibwa Jumatano.

Chumba cha mashine kilikuwa na vitanda sita. Fundi alikuwa kwenye cha dirishani, mirija miwili ikitoka mkononi. Kando yake alikaa Bibi King'ora na chupa yake ya chai. Alikuwa amepanda mabasi mawili kuja kumtazama mtu ambaye, kwa kukosa gari, alishindwa kumleta.

"Mama, nipishe kidogo niongee na mzee."

"Ni habari ya gari langu?"

"Ndiyo."

"Basi sibanduki hapa."

Inspekta alivuta kiti.

"Mzee, swichi ya gari lile ilibadilishwa lini?"

"Mwaka jana. Niliibadilisha mimi."

"Ilikuja na funguo ngapi?"

Mashine ilizunguka. Mzee alitazama damu yake ikienda na kurudi.

"Tatu."

"Mlipewa mbili," alisema Inspekta, akimtazama Bibi. Bibi alitikisa kichwa polepole, kuafiki.

"Teksi ya leo uliiagiza Jumatatu. Ulijuaje kwamba leo hutakuwa na gari la kukuleta?"

Fundi aligeuzia uso dirishani.

"Na kwa nini ulitoa vitu vyake, mzee? Bila vile nisingekufikia."

Fundi alicheka kidogo, bila furaha. "Nilivitoa? Sikumbuki hata kuvitoa."

"Gari liko wapi?"

"Kwenye banda langu, chini ya turubai. Nimetoa nyaya za betri. Kiti nimekifunika nailoni. Halina mkwaruzo."

Bibi alisimama.

"Wewe! Mimi nalia siku mbili, unanitazama, unaniambia pole!"

"Wiki mbili zilizopita nilikusikia ukiongea na simu," alisema Fundi. "Binti yako anakuita. Kuna chumba, kuna wajukuu. Wewe ukamjibu, 'Na Fundi atapelekwa na nani?' Tangu siku ile sikupata usingizi. Nikasema, mama wa watu amefungwa na mimi. Anaikosa familia yake kwa ajili ya maiti inayopumua. Kampuni zilipokukataa nilishukuru, Mungu anisamehe. Halafu hii ya nne ikakubali. Ningelirudisha Jumapili, bima ikiwa imekwisha. Ungekwenda kwa mwanao. Mimi ningetumia teksi mpaka akiba iishe, basi."

Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mirija na mwingine ameulalia, hakuweza kuyafuta. Muuguzi alisimama na dawa mkononi, asijue aende mbele au arudi.

Bibi alikaa. Alipozungumza, kwa mara ya kwanza hakuna kitanda cha pili kilichomsikia.

"Mjinga wewe. Nampenda mwanangu, lakini nyumbani kwake sitaki kwenda. Watanikalisha kwenye kochi, wanifunike miguu, wanikataze hata kuosha kikombe. Ningemwambiaje mtoto aliyenijengea chumba? Kwa hiyo namtaja Fundi. Wewe si mzigo wangu. Wewe ndiye kisingizio changu."

"Kisingizio?"

"Kikubwa kuliko vyote. Bila wewe hilo gari ningelipeleka wapi, kununua nyanya nne? Unadhani mimi nakutoa nyumbani? Wewe ndiye unayenitoa." Alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, bila upole wowote. "Kesho saa moja nataka betri imefungwa."

"Mama," alisema Inspekta, "hili ni kosa la jinai. Ukitaka, jalada linakwenda mahakamani."

"Mlalamikaji ni nani?"

"Wewe."

"Amenyamaza."

Kwenye jalada Inspekta aliandika: gari limepatikana, mlalamikaji ameondoa shauri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufunga jalada akiwa na kikohozi kile kile cha Koplo.

Ijumaa saa nne kamili, mkaguzi wa kampuni alipanda kando ya Bibi akiwa ameshika kalamu kwa mkono mmoja na mpini wa mlango kwa mwingine. Binti alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Alikaa kiti cha nyuma. Inspekta alisubiri na Fundi kwenye ngazi za ofisi. Mzee alikuwa na oili kwenye kucha na hakukubali kula wala kunywa.

Gari lilirudi baada ya nusu saa. Bibi alilirudisha kinyumenyume kati ya malori mawili, mara moja tu, akazima injini. Mkaguzi alishuka akiwa ameachia mpini.

"Nani alimfundisha kuendesha?" aliuliza.

"Wagonjwa," alisema Fundi.

Bibi alipewa bima ya mwaka mzima, na mwakani atapimwa tena. Binti alishuka wa mwisho. Alimgeukia mama yake.

"Sikuwahi kukuona ukiendesha tangu niwe mtu mzima," alisema. "Jumapili njoo na gari uwaone wajukuu. Halafu urudi kwako."

Jumamosi asubuhi Inspekta alipita mtaani kurudisha zile barua tatu alizokuwa amezichukua, ingawa Koplo angeweza kuzipeleka. Bibi King'ora alikuwa ameshauweka mto kitini. Fundi alifungua mlango wa nyuma, mahali alipokaa siku zote, karibu na dirisha, asimsumbue mtu.

"Funga huo," alisema Bibi, akigonga kiti cha kando yake. "Njoo mbele. Nyuma hukaa wagonjwa."