Nusu ya Pili ya Filamu

Kila Jumatano baada ya masomo, Rayén alipanda ngazi za mlima wao mjini Valparaíso akiwa amekumbatia mkate wa moto. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshamega pembe moja. Bibi Clorinda alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: panya wa mwokaji. Bibi alicheka, akaponda parachichi, wakanywa chai.

Jumatano hii alichelewa kidogo, kwa sababu klabu ya filamu ya shule ilikuwa inachagua filamu ya kuonyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa, ubavuni mwa shule. Kanuni ya klabu ilikuwa moja: anayeleta filamu aitazame yote, kisha aseme inamfaa nani. Safari hii ilikuwa zamu ya Rayén. Alileta filamu ya kutisha, ya msichana anayeishi na baba wa kambo katika nyumba kubwa, ambamo vitu huhama vyenyewe.

"Umeitazama mpaka mwisho?" aliuliza Mwalimu Ismenia.

"Mpaka majina ya waigizaji, Mwalimu."

"Huyu?" Baltazar, binamu yake Rayén, aliguna. "Huyu akienda chooni lazima bibi amsindikize."

Wenzao waliangua kicheko. Masikio ya Rayén yakapata moto.

"Niliitazama huku nakula maandazi," alisema. "Sikutetemeka hata kidogo. Inawafaa wenye miaka kumi na minne na kuendelea."

Ukweli ni kwamba aliizima katikati, akajifunika blanketi. Lakini neno likishatoka halirudi. Mabango yakachorwa, yakabandikwa mlima mzima.

Ijumaa mdogo wake Efraín, mwenye miaka sita, alionekana akikung'uta vumbi kwenye mto wa kukalia.

"Wa nini huo?" aliuliza Rayén.

"Wa sinema kesho."

"Sinema hiyo si ya watoto, Efraín."

"Bibi anaenda. Mama Noemí wa jirani anaenda. Mbwa wake anaenda. Nibaki na nani, na paka?"

Rayén alikaa kitako kwenye ngazi. Mlimani kwao mtu haendi sinema peke yake. Huenda nyumba nzima, na chupa ya chai, na mtoto mchanga. Umri ulioandikwa kwenye bango ulikuwa kama pambo tu. Na Efraín alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulala kitandani kwake bila kulia usiku. Zaidi ya hayo, hata hao wa miaka kumi na minne, yeye aliwaamulia kwa kujua nini? Hakujua kilichomo katika nusu ya pili.

Aliingia jikoni, akamweleza bibi yake yote.

"Kwa hiyo umewapakulia watu chungu ambacho hukukionja," alisema Bibi Clorinda, akijifuta mikono. "Haya, mpeleke mdogo wako kwa Mama Noemí. Sisi tuitazame sasa hivi, jua likiwaka na mapazia wazi."

Bibi hakuwa mtazamaji wa kimya. "Huyo baba wa kambo simwamini," alisema mapema. "Tazama anavyopanga vijiko." Rayén akacheka, na hofu ikapungua. Walipofika pale alipoishia, bibi alisimamisha filamu.

"Unajisikiaje?"

"Nataka kujifunika blanketi tena."

"Hata mimi. Kunywa chai, tuendelee."

Baba wa kambo ndiye aliyekuwa akihamisha vitu kwa siri, ili msichana ajione mwendawazimu. Alimfungia chumbani mpaka msichana akaacha kuamini macho yake mwenyewe. Hapo Rayén alimshika bibi mkono. Hatimaye rafiki wa shule alimwamini, akaleta watu, mlango ukafunguliwa. Rayén alilia machozi ya furaha.

"Sasa wewe hakimu," alisema bibi, "inamfaa nani?"

Safari hii Rayén alifikiri kabla ya kujibu.

Jumamosi, wanaklabu wakipanga viti, alisimama mbele yao. "Nilidanganya. Niliogopa, nikaizima katikati. Jana niliimaliza pamoja na bibi."

"Nilisema nini mimi?" alidakia Baltazar.

Mwalimu Ismenia hakumgeukia. "Na uamuzi wako, Rayén?"

"Miaka kumi na minne, ndiyo. Lakini watu waambiwe mapema kuhusu chumba anamofungiwa msichana, na baadaye tukae tuzungumze. Wadogo wasiingie kabisa."

Walikubaliana wadogo watazame katuni za wanyama katika darasa la jirani. "Nani atakaa nao?" aliuliza Mwalimu.

Mkono wa Baltazar ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Napenda watoto," alisema.

"Tangu lini?" aliuliza Rayén. Wote wakacheka, na Baltazar mwenyewe akashindwa kujizuia.

Watu walipojaa, Rayén aliwaeleza hayo yote. Mzee Anselmo alipinga: "Mjukuu wangu haogopi kitu."

"Hata mimi nilisema hivyo, mzee."

Ukumbi ukacheka. Mzee akamtazama mjukuu, aliyekwisha kuanza kunyonya kidole, akamwelekeza kwenye katuni.

Baada ya filamu hakuna aliyeharakisha kuondoka. Waligawana maandazi ya maboga, wakabishana kama msichana angepaswa kukimbia mapema. Mvulana mmoja wa nyuma alisema, "Nimefurahi tuliambiwa kuhusu kile chumba. Nilijiandaa." Kutoka darasa la jirani zilisikika sauti za watoto wakibweka, na ya Baltazar ikibweka zaidi yao.

Mwalimu Ismenia alimwekea Rayén mkono begani.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi niliogopa leo. Kosa ni kuwaonyesha wenzako njia ambayo hukuipita, kwa kuona haya kusema uliishia wapi. Leo umesema, na kila mtu amekaa mahali panapomfaa. Mwezi ujao klabu inakuomba uchague tena."

"Hata baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale. Sasa tunajua ukisema umefika mwisho, umefika."