Mstari wa Mzee Chilumba

Neno moja likiandikwa kwenye mtambo-amri, milango kumi na miwili ya bwawa la Mwambeni iliinuka yenyewe, maji yakashuka kulisha jiji. Mtambo huo haukusemeshwa, uliandikiwa, ukatii. Ukitaka maelezo marefu, uliita kihariri, yaani ukurasa wa kuandikia, na kila mlinzi alikuwa na ruhusa ya kuchagua chake. Asiyechagua alifunguliwa Mnyoosha, chenye akili ya kufuta maneno kiliyoyaona ni ya ziada, mtu akishaufunga ukurasa.

Bi Zuhuweni, mlinzi wa bwawa, alikuwa amechagua Karatasi, kihariri kikuukuu kisichoongeza wala kupunguza. Asubuhi hiyo alipiga bismillahi, akafungua maelezo ya makabidhiano ya zamu aliyoandika jana jioni. Mstari wa mwisho haukuwepo.

"Kibwana mwanangu, Mzee Chilumba yuko wapi humu?"

"Yupi huyo?" Mhandisi Kibwana alikuwa anakunywa chai.

"Wa bustani ya mchicha ukingoni. Ni kiziwi, king'ora cha kuonya maji hakisikii. Kila siku naandika kijumbe kikamguse bega kwanza."

Kijumbe, roboti wa bwawa, kilifanya kilichoandikwa tu. Neno la kufungua lilikuwa limekwisha kuandikwa, zilibaki dakika tisa milango ifunguke.

"Karatasi uliichagua kwenye faili la kuanzia, lile mtambo unalolisoma ukiwashwa, mama?"

"Niliuandikia mtambo tu."

"Basi jana mchana ulizimwa kusafishwa. Umeamka umesahau."

Bi Zuhuweni akaandika: simamisha. Mtambo ukadai sababu. Akamwandika mzee, bustani yake, masikio yake. Alipofunga ukurasa, Mnyoosha kikabakiza maneno mawili: mtu mmoja. Mtambo ukajibu: haitoshi.

Hakupaza sauti. Alifungua faili la kuanzia, akaandika Karatasi humo, akauanzisha mtambo upya. Zilibaki dakika nne. Akaandika tena yote, na kijumbe kikamguse mzee bega. Safari hii hakikufutwa kitu, milango ikatulia.

Kwenye kioo cha mtambo wakaona kijumbe kikimgusa mzee bega. Akakikemea kwa kumkanyagia mchicha wake, kisha akajikongoja kupanda juu.

"Alhamdulillahi," Bi Zuhuweni akasema. "Nawe kachague kihariri chako, mwanangu."

Kibwana hakusogea. Chai yake ilikuwa imepoa mkononi.

"Yule mama mfuga bata," akasema taratibu, "aliyechukuliwa na maji mwaka jana zamu yangu. Wote walisema nilisahau kumwandika. Hata mimi nikakubali."

Bi Zuhuweni akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nilimwandika, mama. Wallahi nilimwandika."