Yai si Mwimbaji

Kila Ijumaa baada ya masomo, kikundi cha muziki cha shule moja pale Kakuma kilikutana darasani kufanya mazoezi. Nakal ndiye aliyeongoza nyimbo. Rafiki yake Yai, mvulana aliyetoka Sudan Kusini, hakuimba bali alisimulia. Wenzake waliposhusha sauti, alieleza habari za fahali aliyepotea wakati wa ukame, na hata watoto watundu walitulia tuli.

Wimbo wenye hadithi hiyo uliporekodiwa, Mwalimu Jepkoech alimwachia Nakal kompyuta aandike majina yao katika hifadhi ya muziki ya mtandaoni, mahali ambapo msikilizaji husoma nani alifanya nini. Palikuwa na nafasi ya mwimbaji, ya mpiga ngoma na ya msimulizi. Nakal alisita. Kuimba ni kazi, aliwaza, lakini kusema tu, nani hajui? Hakutaka rafiki yake aonekane mdogo, basi akamwandika mwimbaji. Alikwenda nyumbani akijipongeza kwa wema wake.

Kumbe wema huo ulikuwa na miiba. Waandaaji wa tamasha la Lodwar waliusikia wimbo, wakasoma majina, wakamwalika Yai aimbe peke yake jukwaani. Shule nzima ilishangilia isipokuwa Yai mwenyewe.

“Nakal, mimi naimba kama mbuzi,” alimwambia kwa unyonge. “Watu wa Lodwar watanicheka. Sitasimama mbele ya watu tena.”

Moyo wa Nakal ulimwuma. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

“Mwalimu, ni mimi niliyeandika uongo,” alisema. “Nilidhani kusimulia ni kitu kidogo.”

Mwalimu Jepkoech hakumgombeza. Alimtaka asahihishe kazi ya Yai kule mtandaoni, kisha awapigie simu waandaaji yeye mwenyewe. Nakal alipiga, akaeleza kosa lake. Mzee Ekuru, mkuu wa tamasha, alicheka mpaka akakohoa, akasema waimbaji anao tele, waje na hadithi yao.

Siku ya tamasha, Nakal na wenzake waliimba kwa sauti ya chini, Yai akaanza kusimulia. Alipomwita fahali yule kwa jina lake, mzee mmoja wa Kiturkana aliinuka, akanyoosha mikono juu mfano wa pembe. Kwao pia, kama kwa kina Yai, fahali hupewa jina na kusifiwa. Wazee wengine wakainuka, vijana wakafuata, uwanja mzima ukawa msitu wa pembe. Yai alisimulia huku akitabasamu, na Nakal alifurahi mpaka akasahau ubeti wake.

Waliposhuka jukwaani, mwalimu aliwakumbatia wote wawili.

“Umeona, Nakal?” alisema. “Ukimpa mtu sifa isiyo yake, hata kwa upendo, unamnyang’anya ile iliyo yake. Andika ukweli, kisha mwache mtu ang’ae kwa kazi yake mwenyewe.”