Mche Juu ya Tuta

"Sindano, uko wapi?" redio ilikoroma kifuani.

"Mlimani, juu ya bwawa. Nimemkanyaga nyoka shingoni."

Nyoka mwenyewe, mhandisi mgeni, alilala kifudifudi, pingu mikononi na miguuni, suti yake ya kitani imejaa vumbi. Jasusi Sindano alikuwa amemkimbiza kwa pikipiki yake ya Yamaha kilomita thelathini, kisha akapasua magurudumu ya gari lake kwa risasi mbili.

Mbili tu. Ya tatu ingekuwa heshima asiyostahili.

"Baruti iko wapi?"

"Ndani ya tuta la bwawa." Mgeni alicheka. Kampuni yake ililitaka bonde lote, bila watu. "Bado dakika tisa. Tuta la udongo, mita mia nne. Chimba, dada. Anzia popote upendapo."

Chini ya tuta vijiji saba viliendelea na asubuhi yao. Watu walichota maji, watoto walikuwa shuleni. Bwawa likipasuka, lingewazoa wote kama takataka.

Sindano aliwasha kifaa cha kunusia baruti. Kimya. Kifaa cha kisasa, akili ya kuku.

Mlio wa risasi ulikuwa umemleta mlinzi wa bwawa, mama wa makamo mwenye jembe begani.

"Mama, wamefukia baruti tutani. Umeona mtu akichimba?"

"Nilikuwa msibani siku tatu, mwanangu. Nimerudi sasa hivi." Akalitazama tuta. Akashika kiuno. "Na ule mti kaupanda nani?"

Katikati ya nyasi fupi ulisimama mche mmoja, mbichi, umemwagiwa maji vizuri.

"Mti una kosa gani?"

"Wee! Mti kwenye tuta la udongo? Mizizi ikitoboa, maji yanafuata mlemle, tuta linakwenda. Miaka kumi na tisa nang'oa hata kichipukizi. Hapa ni nyasi tu! Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua."

Mgeni aliacha kucheka.

"Mhandisi mzima," Sindano alisema. "Ungewauliza washamba, wangekufundisha."

Akalichukua jembe, akateremka mbio.

Akaung'oa mche. Akachimba.

Chuma kikalia.

Akafungua kisanduku kwa kisu, akachomoa betri. Saa ikasimama. Zilibaki sekunde arobaini.

Mama alikuwa amekwisha kumfikia. Akaanza kurudisha udongo, tabaka kwa tabaka, akiushindilia kwa visigino na kutukana kwa sauti ya chini.

"Makao makuu, kazi imekwisha," Sindano aliiambia redio.

"Umeumia?"

"Ukucha mmoja."

Walipopanda tena mlimani, midomo ya mgeni ilikuwa imekauka.

"Maji," alinong'ona. "Tafadhali."

Mama akamtazama Sindano.

"Mpe, mama. Bwawa hili ni la watu wote. Hata wa namna hii."

Mama akateremka bwawani, akachota kikombe kimoja cha maji, akarudi, akakisogeza mdomoni mwa mgeni.

"Kunywa. Taratibu, usije ukapaliwa ukasema tumekuua."

Gari la polisi lilikuwa linapanda mlima. Sindano hakulisubiri. Alipangusa udongo magotini, akaiacha Yamaha iliyoishiwa mafuta, akashuka zake kwa miguu akipiga mluzi, bila kugeuka nyuma.